Mninga Mchanga Chini ya Tairi

Ukikuta porini Saza mche wa mninga wenye kimo cha goti, mwezi wa Februari mvua zikiwa zimekolea, usiudharau. Majani yake ni machache, kijiti chake ni chembamba kuliko kidole, na mpita njia atadhani umeota na mvua za mwaka huu. Inawezekana kabisa una umri wa miaka kumi. Kila kiangazi kijiti hicho hukauka hadi usawa wa ardhi au huunguzwa na moto wa nyika, na mvua zikirudi mzizi hutoa kijiti kingine. Maisha hayo huendelea mwaka baada ya mwaka, wakati mwingine kwa zaidi ya miaka 20, huku mzizi ukinenepa polepole na kujiwekea akiba. Siku akiba inapotosha, mche hutoa chipukizi lenye nguvu linalorefuka haraka na kuupita moto wa nyasi kwa kimo. Hapo ndipo watu huanza kuuita mti.

Sasa trekta likipita juu ya mche huo katika mwaka wake wa tisa, likikokota gogo la mninga mkubwa kuelekea barabarani, nani atajua kilichopotea? Kisiki cha mti mkubwa kinaonekana na kinahesabika. Gogo limepimwa, limegongwa nyundo, limelipiwa ushuru, na hati ya kusafirishia imeandikwa. Mche uliokanyagwa na tairi haumo kwenye karatasi yoyote. Hauna bei, hauachi kisiki, na dereva mwenyewe hakuuona.

Naandika juu ya mche huo kwa sababu naamini mjadala wetu wa misitu, Songwe na Tanzania nzima, umeegemea upande mmoja. Tunagombana kuhusu miti mingapi ikatwe, nani apewe kibali, lori lipi limekamatwa usiku. Ni haki yetu kugombana. Lakini msitu wa miombo wa miaka 50 ijayo hautatokana tu na miti mikubwa tuliyoinusuru. Sehemu kubwa yake iko ardhini leo hii, katika mizizi, visiki na miche iliyojificha kwenye nyasi ikisubiri mwanga. Hatima yake inaamuliwa na zana zinazoingia porini: ni zana gani, zimepita wapi, na zimepita mwezi gani.

Pori linaloliwa pande tatu

Saza ni kata ya Wilaya ya Songwe, ambayo makao yake makuu ni Mkwajuni. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na wilaya hii ikamegwa kutoka Chunya. Watu wengi wa nje wakisikia jina la Saza hufikiria dhahabu, na wana sababu. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, mgodi wa New Saza ukawa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika hadi ulipofungwa mwaka 1956, na tangu mwaka 2012 mgodi wa New Luika umekuwa ukizalisha dhahabu katika wilaya hiyohiyo. Katikati ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo na mashimo yao yaitwayo maduara, na kuwazunguka wote ni pori la miombo.

Pori hilo haliliwi na mlaji mmoja. Mfanyabiashara wa mbao anachukua miti mizee: mninga, mkurungu, mkora. Mchimbaji mdogo anachukua ya katikati, kwa sababu duara haliwezi kushuka bila matimba ya kuzuia kuta zisibomoke, na timba zuri ni mti ulionyooka wenye unene wa mkono hadi paja. Mkulima wa tumbaku naye anahitaji kuni za kukaushia kwenye mabani, na mchoma mkaa anachukua kilichobaki. Halafu baada ya wazee na wa katikati, upande wa tatu, ule usiotajwa, ni tairi, mnyororo na gogo linaloburutwa, ambavyo vinakula vichanga.

Tazama mpangilio huo kwa makini. Timba ni mti ambao umekwisha kuushinda moto, umetoka kwenye miaka ya kufa na kufufuka, na sasa ulikuwa unakwenda kuwa mti mkubwa. Tukichukua wazee kwa ajili ya mbao, vijana kwa ajili ya matimba, na vichanga tukavikanyaga njiani, hakuna rika linalobaki la kurithi pori. Kwa macho bado utaona kijani kila mvua inaponyesha, kwa hiyo kiongozi akipita na gari atasema msitu upo.

Jambo hili si la Saza peke yake. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na zaidi ya asilimia 90 ya eneo hilo ni misitu ya wazi, ambayo miombo ndiyo sehemu yake kubwa. Tathmini hiyohiyo ilikadiria kwamba tunapoteza hekta zipatazo 372,000 kila mwaka. Takwimu ya namna hiyo hupima msitu uliotoweka. Msitu uliosimama lakini umepoteza watoto wake hauonekani vizuri kwenye picha za satelaiti.

Miombo inavyozaliwa upya

Mtu aliyezoea mashamba ya misonobari ya Sao Hill, kule Mufindi, anaujua msitu kwa namna moja: unakatwa wote, eneo linasafishwa, miche inaletwa kutoka kitaluni, inapandwa kwa mistari. Pale tingatinga likisugua ardhi hasara ipo, lakini kuna mtu aliyepangiwa kupanda upya. Porini Saza hakuna anayepanda. Miombo hujipanda yenyewe, na ina namna zake.

Maganda ya myombo na mtundu hupasuka kwa kishindo wakati wa joto kali la kabla ya mvua, yakarusha mbegu mita kadhaa tu kutoka kwenye shina. Mbegu hizo huota na mvua za kwanza au huoza au huliwa. Hazilali ardhini miaka na miaka zikisubiri nafasi, kama zinavyofanya mbegu za magugu ya shambani. Kwa hiyo baada ya miti mikubwa kuondolewa, usitegemee ghala la mbegu chini ya udongo, kwa sababu halipo. Kinachorudisha miombo ni visiki vinavyochipua, mizizi inayotoa machipukizi, na miche iliyokuwa imekwisha kuota zamani chini ya kivuli, mifupi, inayoungua na kuchipua tena. Kisiki cha myombo kilichokatwa vizuri kinaweza kutoa machipukizi mengi katika msimu mmoja. Mninga mkubwa ukikatwa, kisiki chake hakitegemewi hivyo, na ndiyo maana ile miche ya kimo cha goti ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana.

Pori la Lupa, kwa bahati, ni mojawapo ya maeneo ya miombo yaliyochunguzwa mapema. Mwaka 1966 mtaalamu wa misitu S. B. Boaler alichapisha katika jarida la kisayansi la Uingereza mfululizo wa makala kuhusu Msitu wa Hifadhi wa Lupa Kaskazini, katika Chunya ya wakati huo: hali ya hewa na ukuaji wa mimea, jamii za mimea, na katika sehemu ya tatu, aliyoandika pamoja na K. C. Sciwale, athari za kilimo cha wenyeji kwa uoto wa pale. Mwaka huohuo Boaler alitoa pia kitabu kizima kuhusu maisha ya mninga Tanzania. Ujuzi wa pori letu umekuwepo kwa miaka zaidi ya 50, na inauma kuona jinsi unavyoingia kidogo kwenye vibali tunavyoandika leo.

Kuna kitu kingine ardhini kinachostahili kutajwa, na akina mama wa Songwe wanakijua bila kusoma jarida lolote. Uyoga unaouzwa kwenye ndoo na sahani kando ya barabara mvua zinapoanza unatoka chini ya miombo, na mwingi wake umefungamana na mizizi ya miti hiyo. Nyuzi za uyoga huuvalisha mzizi, huupatia maji na madini, na mti huulipa uyoga kwa sukari. Udongo wa juu ukikwanguliwa, nyuzi hizo huondoka nao. Mche unaoota kwenye udongo mtupu uliokwanguliwa unaanza maisha bila msaidizi wake.

Shoka, chenso, trekta, tingatinga

Zana hazifanani, na ni kosa kuzilaumu zote kwa pamoja.

Shoka linachosha, na kwa sababu linachosha mkataji husimama wima na kukata juu, akiacha kisiki kirefu kilichochanikachanika. Maji hukaa kwenye nyufa, kisiki huoza, na machipukizi yanayotokea juu hushikilia vibaya na kuvunjwa na upepo. Chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ikiwa mikononi mwa mtu aliyefundishwa, inaweza kukata karibu na ardhi, mkato safi wa mshazari ambao maji huteleza, na machipukizi yakaota chini yakipata mizizi imara. Kwa kuchipua upya kwa miombo, chenso yenyewe si adui mkubwa kama inavyosemwa. Ubaya wake ni kasi. Watu wawili wenye chenso wanaweza kuangusha kwa siku moja miti ambayo kuitoa porini kwa uangalifu kungechukua wiki, na kwa kuwa magogo yamekwisha kulala chini, haraka inahamia kwa mwenye trekta.

Kupasua mbao palepale mti ulipoanguka nako kuna pande mbili. Wapasuaji wa zamani wa msumeno wa shimo, mmoja juu na mmoja chini, walitoa mbao porini kwa kubeba kichwani, na njia yao ilikuwa ya miguu tu. Walioutazama udongo watakubali kwamba hawa ndio walioumiza pori kidogo zaidi. Kupasua kwa chenso nako kunaepusha kukokota gogo, lakini mnyororo mpana unageuza sehemu kubwa ya mti kuwa unga, na wataalamu wengi hawakupendi kwa sababu hiyo. Hoja yao ni ya haki: mti mmoja ukitoa mbao chache, miti mingi zaidi itakatwa. Hata hivyo naona ajabu kwamba tunapopima hasara hiyo tunahesabu unga wa mbao peke yake, na miche iliyofunikwa na njia za kukokotea hatuiweki kwenye mizani.

Uzito wa jambo uko hapo, kwenye kukokota. Chukua sehemu moja ya njia ya trekta na uitazame kwa karibu. Gogo limefungwa mnyororo, ncha moja imenyanyuliwa kidogo, nyingine inalima ardhi. Mbele yake tairi zimekwisha kulaza nyasi na miche. Gogo linafuata na kuing'oa iliyolazwa, na likikata kona linayumba na kufagia upande wa nje, likichubua gome la mti wowote uliosimama karibu. Baada ya kupita mara chache udongo unang'aa kama sakafu iliyosiribwa. Watafiti wa uhandisi wa misitu duniani wamepima jambo hili mara nyingi na majibu yanakubaliana: sehemu kubwa ya kushindiliwa kwa udongo hutokea katika safari chache za kwanza, na udongo ukiwa na maji hushindiliwa vibaya zaidi. Matundu madogo ya hewa na maji yanafungwa. Mzizi mchanga unakosa pa kupenya, mvua inakosa pa kuingia, na mvua kubwa ya Desemba inageuza nyayo za tairi kuwa mfereji. Udongo ulioshindiliwa namna hiyo unaweza kuchukua miongo kurejea.

Kutokana na ukweli huo mmoja linatokea fundisho ambalo madereva wengi hawajafundishwa. Wengi wakiona njia imechimbika huhamia pembeni, wakidhani wanaihurumia ardhi. Kwa kuwa safari za kwanza ndizo zinazoumiza zaidi, kila njia mpya ni jeraha jipya. Afadhali trekta lipite mara 30 kwenye njia moja iliyochaguliwa kuliko mara tatu kwenye njia kumi.

Tingatinga ni habari nyingine. Linapofungua barabara au uwanja wa kupakia magogo, jembe lake huondoa udongo wa juu pamoja na mizizi yenyewe, yaani huondoa kile kilichopaswa kuchipua. Tanzania iliwahi kuonja nguvu ya mashine hizo kwa kiwango kikubwa. Katika Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, matrekta mawili yalivuta mnyororo mzito kati yao na kulaza miti, kule Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kulaza miti kulikuwa rahisi. Mizizi ndiyo iliyovunja majembe, kwa sababu bila kung'olewa ilichipua tena, na udongo wa Kongwa ulipokauka uligeuka mgumu kama saruji. Serikali ya Uingereza ilifuta hasara ya takribani pauni milioni 36. Historia hiyo husimuliwa kama habari ya kilimo kilichoshindwa. Ninapoisoma naona pia ushahidi wa jinsi mizizi ya pori letu ilivyo na nguvu ya kurudi, ilimradi isichimbwe na ardhi isifungwe.

Hesabu kutoka Kibale

Uchunguzi ulio wazi kuliko yote katika Afrika Mashariki kuhusu mashine na miti michanga ulifanyika Uganda, katika msitu wa Kibale, jirani na Fort Portal, ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Miaka ya 1960 msitu huo ulikuwa unavunwa mbao kwa mashine, na kwa bahati njema kumbukumbu za kila eneo zilitunzwa.

Eneo liitwalo K-15 lilivunwa sana kuanzia Septemba 1968 hadi Aprili 1969. Ilitolewa wastani wa miti 7.4 kwa hekta. Eneo la pili, K-14, lilivunwa kidogo mwaka 1969, wastani wa miti 5.1 kwa hekta. La tatu, K-30, halikuvunwa kibiashara. Wapasuaji wa msumeno wa mkono walichukua miti michache tu. Sasa linganisha. Katika K-14, miti iliyokatwa pamoja na ile iliyovunjwa njiani ilikadiriwa kufika robo ya miti yote. Katika K-15 ilifika nusu. Kuongeza miti miwili tu na ushei kwa hekta kulikwenda pamoja na hasara iliyofika mara mbili. Miti iliyolipiwa ilikuwa michache katika hesabu zote mbili; iliyobaki iliangushwa na mataji ya miti mingine, kamba za mimea, barabara na mashine.

Mwanasayansi wa Uganda, John Kasenene, aliyekuja kuongoza kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere pale Kibale, aliandika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1987 juu ya jambo hilihili: jinsi uvunaji wa mashine, wingi wa miti iliyokatwa na ukubwa wa uwazi unaobaki unavyoathiri kuzaliwa upya kwa msitu. Picha anayoitoa haipendezi. Penye uwazi mkubwa vichaka na mimea ya kutambaa ilishika ardhi kabla ya miche ya miti. Panya waliongezeka kwenye maeneo yaliyovunwa sana, wakala mbegu na kuguguna miche. Tembo nao wakapenda kushinda kwenye uwazi huo, wakivunja miti midogo iliyothubutu kusimama. Colin na Lauren Chapman walipochapisha vipimo vyao mwaka 1997, zaidi ya robo karne baada ya mashine kuondoka, eneo lililovunwa sana lilikuwa bado linasuasua.

Najua kuna watakaosema Kibale ni msitu wa mvua na Saza ni miombo. Ni kweli, na tofauti ina maana. Miombo ina mwanga wa kutosha tayari, haina kamba nyingi zinazovuta miti jirani, na inajua kuchipua. Mti ukianguka Saza hauangushi mingine mitano. Lakini kazi ambayo Kibale ilifanywa na vichaka, panya na tembo, kwetu inafanywa na moto na mifugo, na vyote viwili vinafuata njia iliyofunguliwa na mashine.

Kuhusu moto, jirani zetu wa Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma, walilifanyia jambo hili jaribio la muda mrefu. Karibu na Ndola, kuanzia miaka ya 1930, viwanja vya miombo viligawanywa: kimoja kinachomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kingine kinachomwa mwishoni mwa kiangazi, kingine kinalindwa na moto kabisa. C. G. Trapnell alitoa matokeo mwaka 1959. Kiwanja kilichochomwa kwa kuchelewa kiligeuka nyasi na visiki vya kufifia. Kilichochomwa mapema kilibaki msitu. Sasa fikiria tumekata miti Saza mwezi wa Julai, matawi yameachwa yamerundikana juu ya visiki, yamekauka, halafu moto wa Oktoba unafika. Rundo la matawi linawaka kwa joto ambalo nyasi peke yake haziwezi kulifikia. Kisiki kinapikwa, na mizizi ya miche iliyo chini yake inapikwa. Mashine ilipita mara moja, na moto ukamalizia ilichoanza.

Usambara Mashariki wana somo lao. Miaka ya 1970 na 1980 uvunaji wa mashine, ukisaidiwa na Finland, uliingia katika misitu ile ya Tanga hadi kelele za wanasayansi na wananchi zilipousimamisha nusu ya pili ya miaka ya 1980. Sehemu nyingi zilizofunguliwa na mashine zilishikwa na Maesopsis eminii, mti mgeni uliopandwa Amani tangu enzi za Wajerumani, ambao mbegu zake husambazwa na ndege na hupenda ardhi iliyovurugwa. Msitu ulirudi kuwa wa kijani, lakini si kwa miti ileile. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, na hadi leo wahifadhi wanahangaika na mti huo.

Kibali kinachoona gogo peke yake

Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 ni sheria nzuri, na iliwapa vijiji nguvu ya kumiliki misitu yao. Kilwa waliitumia vizuri. Mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la MCDI, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, ikiwa misitu ya asili ya kwanza ya jamii barani Afrika kupata cheti hicho. Cheti cha namna hiyo hakiangalii tu idadi ya mipingo iliyokatwa. Kinauliza pia imekatwaje, imetolewaje, na nini kimebaki. Shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha mwaka 1996 mwongozo wa mfano wa uvunaji wenye mambo hayohayo: kupanga njia kabla ya kukata, kuelekeza mti unakoangukia, kusimamisha kazi udongo ukiwa umelowa, kufunga njia baada ya kazi.

Tukirudi kwenye kibali cha kawaida cha uvunaji kwetu, kinataja aina ya mti, idadi, ujazo na mahali. Afisa anahakiki unene, anagonga nyundo, vizuizi vya barabarani vinakagua hati. Mlolongo mzima umejengwa kumkamata mwizi wa gogo. Ni kazi ya lazima, hasa kwenye njia kuu ya Tunduma ambako mbao za nchi mbili hukutana, na hasa sasa ambapo biashara ya kimataifa ya mkurungu imewekewa udhibiti wa CITES tangu 2019, na mninga pamoja na jamii yake ya Afrika tangu mkutano wa Panama wa 2022. Lakini mvunaji halali mwenye karatasi zote anaweza kuharibu kizazi kizima cha miti bila kuvunja kifungu kimoja kilichoandikwa kwenye kibali chake. Hilo naliona ni pengo la hatari zaidi kuliko lori moja la usiku, kwa sababu linafanyika mchana na kwa baraka zetu.

Marekebisho yake hayahitaji fedha nyingi. Saza na vijiji vya tambarare za Rukwa vina maksai waliofunzwa kulima. Jozi ya maksai inaweza kuvuta gogo la wastani kutoka kisikini hadi njia kuu, kwato zake zikigusa ardhi kidogo kidogo, zikipinda kati ya miti bila kuhitaji barabara. Trekta libaki njia kuu na lisiifuate miti mmojammoja porini. Kwa mwenye maksai hiyo ni ajira ya kiangazi, wakati jembe limelala.

Matimba nayo yana jibu. Kisiki kilichochipua machipukizi 15 hakiwezi kuyalea yote. Yanagombana na kudumaa. Ukiyapunguza na kubakiza mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyobaki yanakua haraka, na zamu kwa zamu kisiki kilekile kinatoa nguzo bila mche mpya kuguswa. Vikundi vya wachimbaji wadogo vinaweza kutengewa eneo la visiki vya namna hiyo karibu na machimbo, vikavitunza na kuvuna matimba humo, pamoja na kupanda mikaratusi kwenye ardhi iliyokwisha kuharibiwa na machimbo ya zamani. Mchimbaji akijua timba lake la miaka mitano ijayo liko kwenye kisiki anachokitunza, hatakuwa na haja ya kumtafuta mninga kijana aliyeponea chupuchupu kwenye moto.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na naomba kwa majina. Kamati ya Uvunaji ya Wilaya ya Songwe iandike kwenye kila kibali njia ambayo trekta litapita, na marufuku ya kutoka nje yake. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, isimamishe ukokotaji wa magogo mvua kubwa zikianza, na msimamizi wake aangalie urefu wa visiki kama anavyoangalia unene wa magogo. Mvunaji alazimishwe kutoa matawi juu ya visiki na kuyatawanya kabla hajapewa hati ya kusafirishia. Na kamati za maliasili za vijiji vya Saza, ambazo ndizo zenye pori, zisingoje mkutano wa wilaya. Kabla trekta halijaingia, wanakamati watembee njia hiyo kwa miguu pamoja na mwenye kibali, Februari au Machi miche ikiwa na majani, wafunge vitambaa vyekundu penye miche ya mninga, na njia ipindishwe pale.